Vibao vya Rangi ya Nyonyo, Kibondo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa brashi. Mkuu wa Kituo, mtu mnene kutoka Tabora aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya kila rangi, alinipeleka nyuma ya jengo letu la Kasulu akanionyesha safu za vibao vya mbao vilivyoegeshwa kwenye fremu za chuma kama sahani kwenye kichanja. Kila kibao kilikuwa na upana wa kiganja na kila kimoja kilikuwa kimepakwa rangi yake.

"Kijana," akasema, "hawa ndio wakubwa wako. Mimi ni msaidizi wao tu."

"Kazi yenyewe ni ipi, mzee?"

"Kuwatazama."

"Halafu?"

"Halafu Jumatatu ijayo unawatazama tena."

Nilicheka nikidhani ananitania kwa ugeni wangu. Hakuwa akitania. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nikipalilia maharage ya mama, na nilitarajia kazi ya kiwanda iwe na mashine na kelele. Kumbe niliajiriwa kutazama, na ndivyo nilivyofanya hadi nilipostaafu. Naandika haya kwa vijana wanaosomea kemia ya rangi leo, ambao wana mashine inayoweza kukipa kibao jua na mvua ya miaka mingi ndani ya kabati. Sisi mashine yetu ilikuwa mbingu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Dar es Salaam. Kasulu palikuwa na kituo kidogo cha majaribio, kwa sababu nyanda zetu za juu zina mvua nzito, jua kali na ukungu wa asubuhi, vyote katika wiki moja. Rangi iliyovumilia Kasulu iliaminiwa kwamba itavumilia popote nchini. Mkuu wa Kituo alinifundisha kwamba rangi ya mafuta ni vitu vinne. Kwanza unga unaotoa rangi yenyewe. Pili mafuta yanayoushika ule unga juu ya mbao, ambayo tuliyaita kishikizi. Tatu kiyeyusho, kama tapentaini, cha kuifanya ipakike. Nne dawa kidogo ya kuikausha. Enzi hizo dawa hiyo ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na mafundi waliolamba brashi ili kuichongoa ncha walisema rangi ina utamu mdomoni. Ndivyo risasi ilivyo, ni tamu. Watoto wanaobandua magamba ya rangi kwenye madirisha nao huuonja utamu huohuo, na madhara yake huingia kichwani polepole bila mtu kujua.

Rangi haifi kwa siku moja. Mafuta yaliyoishika huliwa na jua, na unga unabaki juu bila kitu cha kuushikilia. Ukipitisha kidole, kinatoka cheupe kama cha mwalimu aliyeshika chaki. Hilo tuliliita kutoa unga. Tulipima kwa kubonyeza kitambaa cheusi juu ya kibao na kuangalia kitambaa kimebeba vumbi kiasi gani. Tuliangalia pia malengelenge, nyufa, na ule ukungu mweusi unaoota kwenye kivuli. Na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa moja: usikifute kibao. Uchafu wake ndio jibu lako.

Hakuna aliyeielewa kazi hiyo mjini. Bwana Hamadi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, ambaye baba yake alitoka Bagamoyo, alikuwa ananiita kila nikipita.

"Sebastiani! Leo vibao vimesemaje?"

"Bado havijasema, Bwana Hamadi."

"Vikisema uniite, nami nije nisikie. Nimeuza rangi tangu sijaota ndevu, haijawahi kunisalimu hata moja."

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Lakini moyoni ilinichoma, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kujifanya mtu wa mambo makubwa yasiyoelezeka.

Nilimwoa Konsolata, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya msingi hapo mjini. Tukapata mtoto mmoja, Zawadi. Konsolata alikuwa mtu wa kuuliza. Jioni akisahihisha madaftari aliniuliza, "Baba Zawadi, hivi huko kazini unafanya nini hasa?" Nikamjibu, "Mambo ya maabara, mama. Ukiyasikia utachoka bure." Mtu anayewafundisha watoto kusoma, nilimwambia atachoka. Sikuwa na sababu nyingine ila kiburi. Pale nyumbani nilitaka pawe na kitu kimoja ambacho mimi peke yangu ndiye ninayekijua.

Mkuu wa Kituo alipohamishwa alikuja Mkemia Mkuu kutoka makao makuu, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye sote tulimwita Daktari. Alikuja na swali. Kwa nini tulete kishikizi cha mafuta ya kitani kwa meli kutoka nje, tuyachanganye na risasi, kisha tumpakie mtoto wa Kasulu sumu kwenye dirisha la darasa lake, wakati nchi imejaa mbegu za mafuta? Siku hizi vijana mnaita huo utafiti endelevu. Yeye hakuwa na jina la kuupa. Alisema tu, "Nataka rangi ambayo mtoto akiitafuna nisiamke usiku."

Tulianza na mawese, kwa sababu Kigoma ni ya michikichi. Yalitushinda. Mafuta ya mawese hayakauki, kibao tulichokipaka kilinata vidole msimu mzima na nzi wakaganda juu yake. Tukageukia nyonyo, ile mimea inayoota yenyewe nyuma ya nyumba na kando ya majalala. Mafuta ya nyonyo nayo hayakauki yakiwa mabichi. Lakini ukiyapasha moto mkali na tindikali kidogo sana, yanapoteza maji yaliyofungwa ndani yake na tabia yake inabadilika: ukiyapaka yanafanya ngozi. Sufuria letu la kwanza tulichelewa kulitoa motoni, mafuta yakageuka mpira, mwiko ukasimama katikati. Daktari aliuvuta mwiko, sufuria likanyanyuka nao.

"Bwana Sebastiani," akasema, "tumetengeneza tairi."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka hadi kufuta macho. Baada ya majaribio mengi tulipata mafuta mazuri, mepesi, ya rangi ya chai. Tukayachanganya na udongo mwekundu wa Kasulu uliosagwa na kuchekechwa, na nta kidogo ya nyuki kutoka Kibondo ili maji yasipenye. Risasi hatukutia hata chembe. Rangi ilitoka ya kahawia iliyokolea, nzuri kwa milango.

Ilibaki kuthibitisha. Wakurugenzi Dar es Salaam walisema hawatabadilisha chochote mpaka rangi ya nyonyo imalize mzunguko mzima wa majaribio, miaka kadhaa ya mvua na kiangazi, pembeni ya rangi ya zamani yenye risasi, mahali penye unyevu kuliko Kasulu. Daktari akachagua eneo la wazi nje ya mji wa Kibondo, lililopakana na misitu ya wafuga nyuki. Akaniita ofisini.

"Nataka mtu mmoja tu avisome vibao, kwa sababu macho ya watu wawili yatanipa majibu mawili tofauti. Utakwenda?"

"Mke wangu anafundisha hapa, Daktari."

"Najua. Vikimaliza mzunguko na vikifaulu, kinu cha kukamua nyonyo kitajengwa hapahapa Kasulu, na msimamizi utakuwa wewe. Hilo nimeshalisema kwa wakurugenzi."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi tangu mwanzo: vibao vikifika mwisho, narudi nyumbani. Nilimweleza Konsolata hivyo, kwa maneno hayo machache. Aliuliza, "Mwisho wake ni lini?" Nikasema, "Vikimaliza."

Kibondo nilipewa nyumba ya vyumba viwili, uzio wa seng'enge na fremu zangu. Jirani wa karibu alikuwa mfuga nyuki ambaye kwa kawaida alikuwa msituni. Sisi Waha tuna salamu ndefu, watu wanasimama wanapigiana makofi taratibu na kuulizana habari za nyumba nzima hadi za ng'ombe. Kule zilipita siku nikiwa sijampigia mtu makofi. Asubuhi nilikagua vibao umande ukiwa bado juu yake, mchana nilipima mvua iliyoingia kwenye chombo, jioni niliwasha redio. Masika yakianza njia ya Kasulu ilikuwa tope tupu, na mabasi yalilala njiani. Mwanzoni nilikwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Baadaye nikaanza kuogopa kwamba nikiondoka mvua kubwa itanyesha na usomaji utaruka. Nikawa nakwenda mara chache zaidi, kisha mara chache kuliko hizo. Hakuna aliyeniagiza hivyo. Daktari mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba siku mbili tatu haziharibu kitu. Nilijifunga mwenyewe.

Nilipokuwa nyumbani nilikaa sebuleni kama mtu aliyesahau alichofuata. Zawadi alikua, akaanza sekondari, akawa ananijibu kwa heshima na kwa kifupi. Konsolata alinisimulia mambo ya shule, ya kwaya, ya wakimbizi walioondolewa kambi ya Mtabila kurudi Burundi na mashamba yaliyobaki pale bila watu. Mimi nilimsimulia mvua.

Vibao, hata hivyo, vilikuwa vinasema. Kila usomaji rangi ya zamani ilikiachia kitambaa cheusi vumbi jingi zaidi, na rangi ya nyonyo ilikiachia kidogo tu. Ukungu uliota kote, lakini kwenye nta haukushika sana. Ulipobaki usomaji mmoja, wa mwisho, Daktari aliandika kwamba atakuja mwenyewe kuufanya kwa mkono wake, mbele yangu, ili wakurugenzi wasiwe na la kusema.

Konsolata aliposikia hayo alichukua ruhusa shuleni na kuja Kibondo. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alishuka kwenye basi na kuku wawili na kanga mpya ndani ya mfuko, akatazama nyumba yangu, akasema, "Ndiyo hapa?" kisha akajifunga kanga kiunoni na kuanza kufagia. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu. Alisema, "Huyu mama ndiye atakayekurudisha nyumbani. Asikute kichaka."

Siku ya Daktari nilikwenda mjini Kibondo kumpokea. Gari lake lilichelewa, tukafika kituoni jua limeanza kuinama. Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kanga mpya, anakausha mikono. Uwanja ulikuwa umefagiwa mistari. Kuta za mbele alikuwa amezisiriba udongo mweupe, kama anavyofanya mwanamke yeyote wa kwetu mgeni wa heshima akitarajiwa. Na vibao vyote, kwenye fremu zote, vilikuwa vinang'aa.

"Karibuni sana," akasema. "Daktari, karibu. Mume wangu huyu," akaongeza kwa utani, "aliviacha vibao vichafu, mtu angesema hana kazi. Nimevisugua kwa dodoki na majivu, kimoja kimoja."

Nilikwenda kwenye fremu. Nilibonyeza kitambaa kwenye rangi ya zamani: hakuna. Nikabonyeza kwenye ya nyonyo: hakuna. Unga wote, ukungu wote, miaka yote, ulikuwa umemwagwa pamoja na maji machafu nyuma ya jiko. Rangi ya risasi na rangi ya nyonyo zilikuwa sawasawa, safi, zisizo na la kusema.

Nilimgeukia mke wangu nikampigia kelele kwa Kiha, mbele ya mgeni. Sitayaandika niliyosema. Yatosha kwamba nilimwita majina ambayo mtu hamwiti hata mbuzi aliyekula mbegu, na nilimwambia kwamba amekuja Kibondo kuniua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, ili Daktari naye asikie, "Nimefanya nini?"

Nilimwendea Daktari nikasema, "Ni mke wangu. Mimi sikuwepo."

Daktari hakujua Kiha, lakini kelele hazihitaji mkalimani. Alivitazama vibao kwa muda mrefu. Ile ilikuwa kazi ya maisha yake, ikishuka pale mbele yake matone matone.

"Bwana Sebastiani," akasema taratibu, "uliwahi kumwambia uchafu ule ni nini?"

"Hapana."

"Katika miaka yote hii?"

"Hapana, Daktari."

"Basi usiseme hukuwepo."

Tulikula kuku wa Konsolata. Aliwapika vizuri sana. Asubuhi Daktari aliondoka, na Konsolata akaomba lifti hadi Kasulu. Alikaa kiti cha mbele. Aliniaga kama mwalimu anavyoaga mzazi baada ya kikao.

Wakurugenzi walikataa kuukubali usomaji wa nyuma bila ule wa mwisho. Haikuwa dhuluma, kanuni ilikuwa kanuni, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wengine kanuni. Mzunguko ulianza upya, vibao vipya, rangi mpya. Nilipewa nafasi ya kumwachia mtu mwingine. Nilikataa. Nilijiambia kwamba nikivifikisha mwisho safari hii nitakuwa nimelipa. Huo ndio ujinga ninaoujutia kuliko kelele zile, kwa sababu kelele zilikuwa za dakika chache, na ujinga huu niliurudia kila asubuhi kwa hiari yangu. Mtu niliyemkosea alikuwa Kasulu, mimi nikabaki Kibondo kuvitumikia vibao.

Vibao vya pili vilifaulu. Rangi ya nyonyo iliishinda ya risasi kwa kila kipimo. Lakini ilipofika siku hiyo Daktari alikuwa amestaafu, na kiwanda kilikuwa kimeshaacha risasi kwa njia nyingine, kwa rangi za maji na vishikizi vinavyoletwa tayari katika mapipa. Ripoti yetu ilipokelewa kwa shukrani. Kinu hakikujengwa. Nyonyo zinaendelea kuota nyuma ya nyumba za watu, na ninyi vijana mnaotafuta malighafi za nchini mngefanya vema kuanzia hapo. Njia ipo, si ndefu. Mchunge moto tu.

Nilistaafu, nikarudi Kasulu na mabegi mawili. Nyumba niliikuta imara kuliko nilivyoiacha, imeongezwa chumba na baraza. Zawadi ameolewa Kibaha. Konsolata naye amestaafu ualimu, ana kwaya, ana kikundi cha akina mama, ana watu wanaobisha hodi tangu alfajiri. Wote wananisalimu vizuri.

Wiki ya kwanza, asubuhi, aliniletea chai akauliza, "Basi lako ni la saa ngapi?" Hakunikejeli. Niliuangalia uso wake vizuri, ni mazoea tu yaliyouliza.

"Siendi tena, Mama Zawadi. Nimerudi."

"Ahaa," akasema. "Sawa." Akatoka kwenda kwaya.

Nilikaa na lile swali siku nyingi. Kisha jioni moja alikuwa anachambua maharage barazani, nikavuta kigoda nikakaa upande wa pili wa ungo. Nikamwambia. Nilimweleza rangi ni nini na inaundwaje. Nilimweleza jua linavyokula mafuta na kuuacha unga peke yake, na kwamba vumbi lile alilolisugua ndilo lililokuwa hesabu yetu, kwamba lingekuwa jingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, na kwa tofauti hiyo ningerudi nyumbani. Sikutumia neno hata moja gumu. Nilishangaa kuona halihitajiki.

Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza, alitupa kokoto uani.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Watoto wa darasa la kwanza wangeielewa."

"Wangeielewa."

"Sasa, Baba Zawadi," akaniangalia, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote, "ilikuwa inahitaji dakika ngapi kuniambia?"

Alisubiri kidogo, kama anavyomsubiri mwanafunzi, kisha akausogeza ungo katikati yetu. Nikaanza kuchambua upande wangu.